Bifu la Anglikana: Vile Kanisa Limegawanyika Juu ya Wapenzi wa Jinsia Moja

Kama umelelewa ACK, hii inakuhusu. Kanisa lako liko kwa bifu na wenzake wa Uingereza na Marekani kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na Nairobi haijakuwa mtazamaji tu.

Stori inaanza 1998. Maaskofu wa Anglikana kutoka dunia nzima walikutana Uingereza kwa mkutano unaoitwa Lambeth. Kura ikapigwa, 526 kwa 70, na azimio namba 1.10 likapita: ndoa ni ya mume na mke, na mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Biblia. Hiyo nusu kila mtu anaijua. Lakini azimio hilo hilo liliahidi pia kuwasikiliza mashoga na wasagaji walio ndani ya kanisa, na kuwahakikishia kwamba Mungu anawapenda. Hii nusu ya pili husikii sana ikihubiriwa. Ishike, tutairudia.

2003 moto ukawaka. Kanisa la Marekani lilimfanya Gene Robinson askofu wa New Hampshire, na jamaa alikuwa anaishi na mpenzi wake wa kiume bila kuficha. Waumini waliokataa wakaanza kutafuta wakubwa wapya, na waliwapata wapi? Huku kwetu Afrika. Agosti 2007, Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi aliwaweka wakfu Wamarekani wawili, Bill Atwood na Bill Murdoch, kuwa maaskofu, pale pale All Saints Cathedral, Nairobi. Yaani kanisa lililoletwa Kenya na wamishonari wazungu sasa likawa linatuma maaskofu Marekani. Hiyo ilikuwa kali.

Mwaka uliofuata wahafidhina wakaunda kundi lao, GAFCON, huko Jerusalem. Mkutano wao wa pili ulikuwa Nairobi, Oktoba 2013, na watu zaidi ya 1,300 walikuja.

Halafu Februari 2023, Sinodi ya Kanisa la Uingereza ikakubali maombi ya kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Si kuwafungisha ndoa, ni kuwaombea tu. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipinga wazi wazi. Miezi miwili baadaye GAFCON ikakutana Kigali na kusema haina imani tena na Askofu Mkuu wa Canterbury. Oktoba 2025 Sarah Mullally akatajwa kuchukua kiti hicho, mwanamke wa kwanza kabisa, na mwezi huo huo GAFCON ikatangaza kwamba yenyewe sasa ndiyo Ushirika wa Anglikana duniani.

Usidhani kwa Kenya shida ni sketi. ACK iliweka maaskofu wanawake wawili 2021, Emily Onyango kule Bondo na Rose Okeno wa Butere. Kinachowachoma hapa ni hayo maombi ya baraka.

Sasa turudi kwa ile nusu ya pili. Kwa ground, msee shoga anayeimba kwaya Jumapili hana mahali pa kusikilizwa. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai kinaweza kumpeleka jela miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Nani atasimama mbele ya kasisi aseme ukweli, na akitoka hapo habari zishafika nyumbani? Wakubwa wanaposema wanalinda azimio la 1998, ni haki kuwauliza wanalinda nusu gani. Uingereza nao wasijipige kifua: ni juzi tu wameanza kuwaombea watu ambao wamekuwa kwa viti vyao miaka yote.

Wengine walichoka kungoja. Mwaka ule ule wa 2013, GAFCON ikiwa All Saints, Wakristo mashoga na wasagaji walianzisha kanisa lao hapa Nairobi, Cosmopolitan Affirming Church. Ukiingia hutashangaa sana. Ni sifa, maombi na mahubiri, kama kanisa lolote la mtaa.