Watoro wa Rabai

Makanga wa Nyali hutaja Kengeleni mara mia kwa siku, na nani aulize kengele gani? Ni ya Freretown, kijiji ambacho wamisheni wa CMS, shirika la misheni la Uingereza, walikianzisha mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kukubali kufunga biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi na kuwashusha mateka hapo. Kengele ilipolia, watu walijua hatari imekaribia. Hapo ndipo wengine hupata hoja yao: Ukristo wa pwani ulikuwa nauli ya kulipia hifadhi. Mtu alisali ili apate nguo, kiwanja na bunduki ya kumlinda.

Kwa Freretown hoja hiyo ina uzito. Mateka hakuchagua pa kushushwa, na maisha ya pale hayakuwa peponi. Mwaka 1881 ilibidi malalamiko ya viboko yachunguzwe. Lakini hoja hiyo haivuki hadi Rabai, kituo kingine cha misheni. Huko walikimbilia watoro, watumwa waliotoroka mashambani kwa miguu yao wenyewe, na ulinzi walioukuta ulikuwa hafifu. Sheria ilikuwa bado upande wa mabwana, na balozi wa Uingereza hakutaka misheni iwapokee. Aliyewaacha wakae ni William Jones, Mwafrika aliyewahi kuokolewa utumwani na kusomeshwa India, akapewa ushemasi mwaka 1885. Mtoro aliyetaka usalama wa mwili tu angekwenda Makongeni, makazi ya watoro wenzake, ambako hakuna aliyemdai ubatizo.

Tena kuna Fuladoyo, ambayo wasimulizi wa misheni huipitia haraka mno. Haikuwa na mzungu wala manowari. Watoro na Wagiriama wachache walijenga huko kijiji cha sala, wakiongozwa na David Koi, Mgiriama. Mwaka 1883 Koi alikamatwa akauawa. Nauli gani hiyo, inayomfikisha abiria kwenye upanga?

Nadhani jibu limo katika utumwa wenyewe. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa ukoo: hakuwa na mjomba wa kumtetea, na hata ndoa yake ilihitaji ruhusa ya bwana. Ubatizo ulimpa jina, wasimamizi, mke asiyeombewa ruhusa, na watu wa kumzika. Roho yake ilipata kwao. Ndiyo maana kutenganisha usalama wa roho na wa mwili, kama wafanyavyo wakosoaji na wahubiri vilevile, ni kupasua kitu ambacho watoro walikishika kizima.

Uhuru wa serikali ulikuja nyuma. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alitoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni. Kwa waliokwisha kubatizwa, hati ilirudia tu jina lililokuwa tayari kwenye daftari la kanisa.