Istilahi za Uhusika: Kutoka Roma hadi Mara

Neno la Kilatini *casus*, ambalo katika Kiswahili limezoeleka kuitwa uhusika, maana yake ya asili ni "anguko". Warumi walilifasiri neno kwa neno kutoka Kiyunani. Katika kazi hiyo hiyo waliteleza: umbo la yambwa, ambalo Wayunani walilihusisha na kitu kinachosababishwa, wao waliliita *accusativus*, yaani la kushtaki. Jina hilo lina umri wa miaka zaidi ya 2,000, na bado linafundishwa.

Kilatini kina uhusika wa aina sita, pamoja na mabaki ya ule wa mahali. Kazi ya nomino huonekana katika mwisho wake. *Petrus Paulum videt* na *Paulum Petrus videt* zote zina maana moja, kwamba Petro anamwona Paulo. Kwa Kiswahili, ukigeuza mpangilio umegeuza habari.

Sarufi ya namna hiyo ndiyo waliyoisoma seminarini mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, waliofika Musoma mwaka 1946 na kuhudumu miongoni mwa Wakuria wa Tarime na Wangoreme wa Serengeti. Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini hadi miaka ya 1960. Lakini lugha za Kibantu huyapanga mambo haya kwa njia nyingine. Tukisema "mama alimpikia mgeni ugali", mgeni habadiliki hata kidogo. Anayepokea anajulikana kwa kitenzi. Kiambishi -ni cha "mtoni" ndicho pekee kinachofanana na uhusika wa Kirumi, nacho ni cha mahali tu.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba uhusika halisi wa nomino upo Mara, ila si kwa Wabantu. Watatoga, ambao huko huitwa pia Wataturu, hutofautisha kiima na yambwa kwa toni ya nomino. Wamasai, majirani wa upande wa mashariki, hufanya vivyo hivyo, na sarufi ya Tucker na Mpaayei ilikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1955. Katika lugha hizi umbo la kiima ndilo lenye alama ya pekee. Mtu akitaja kitu peke yake, bila sentensi, hutumia umbo lile lile la yambwa.

Hapo ndipo ugumu wa mfasiri unapoanza. *Nominativus* maana yake ni "wa kutaja". Mwalimu wa Mugumu akiifasiri hivyo mbele ya mwanafunzi Mtatoga, atakuwa amemwambia kinyume cha anachokijua kwa sikio lake, kwani kwake umbo la kutaja silo la kiima. Kwa maoni yetu, "uhusika wa kiima" na "uhusika wa yambwa" zinafaa kushika nafasi ya tafsiri za neno kwa neno, kwa kuwa zinataja kazi ya nomino katika sentensi, na kazi hiyo ipo katika Kilatini na katika Kitatoga vilevile.