Kazi ya Nyumbani Isiyo na Mwajiri: Historia ya Utapeli Unaomtafuta Mwanamke Ndani

Wengi wetu tumeshaipokea ile meseji: “Habari dada, unatafuta kazi ya kufanya ukiwa nyumbani? Saa mbili tu kwa siku, malipo kila jioni.” Kuna walioifuta na kuna waliojibu. Tukiizungumza tunailaumu simu, kana kwamba kabla ya WhatsApp na Telegram utapeli huu haukuwepo. Ulikuwepo. Umri wake unazidi miaka 100, ulianza na magazeti na stempu, na tangu zamani shabaha yake kubwa ni mwanamke aliye ndani.

Twende Uingereza na Marekani ya karne ya 19. Mwaka 1840 Uingereza iliweka bei moja ya barua, peni moja, popote inapokwenda nchini. Barua zikawa rahisi, magazeti yakaongezeka na matangazo nayo yakaongezeka. Wakati huo walikuwepo wanawake wengi wa familia za kati waliohitaji pesa, lakini wakienda kiwandani wanaonekana wameiangusha nyumba. Mjane, binti asiyeolewa, mke ambaye mumewe yuko kitandani. Kwa lugha yetu tungesema walitafuta riziki ya sitara. Basi tangazo likawafuata na lugha hiyohiyo: kazi nyepesi, safi, haihitaji ujuzi, unaifanya chumbani kwako na jirani hatajua. Kupaka rangi picha, kudarizi, kufuma. Utume tu stempu au pesa kidogo kwa ajili ya sampuli na maelezo.

Hilo la “jirani hatajua” lilimfaa tapeli mara mbili. Lilimvuta mwanamke, na alipoibiwa lilimnyamazisha, kwa sababu kushitaki ni kutangaza kwamba nyumba ilikuwa na shida. Na kiasi chenyewe ni kidogo, nani atapanda mahakamani kwa ajili ya stempu? Tapeli alikuwa anakusanya kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi sana.

Serikali ya Marekani iliona mapema kwamba njia ya wizi huu ni posta. Mwaka 1872 ilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaotumia barua kutapeli watu. Mwaka uliofuata posta ikampa Anthony Comstock kazi ya kufuatilia maovu yanayopita kwenye barua, naye mwaka 1880 akatoa kitabu kizima cha kuelezea mbinu za matapeli. Comstock alikuwa mkali kupita kiasi na wanawake wengi wana sababu ya kutomshukuru kwa mambo yake mengine, lakini wadanganyifu wa barua aliwaandama kweli.

Sasa niseme kidogo kama mshonaji, maana kuna aina moja inayogusa cherehani na ndiyo inayonikera kuliko zote. Katika karne ya 20 Marekani ilijaa matangazo ya kushona nyumbani: aproni, bibu za watoto, viatu vidogo vya watoto wachanga. Unanunua boksi la vipande vilivyokwisha kukatwa, pamoja na maelezo. Unashona, unarudisha, kampuni itakulipa kwa kila pea. Unashona usiku kucha, unatuma. Jibu linarudi: samahani, kazi yako haijafikia kiwango chetu. Unarudia, unaboresha, unatuma tena, jibu ni lilelile. Kiwango hicho hakikuwepo. Kampuni haikuwa na mnunuzi hata mmoja wa viatu. Biashara yake ilikuwa kuuza maboksi.

Angalieni ubaya wake. Mwanamke hakupoteza pesa peke yake. Aliambiwa kwamba mkono wake haujui, akaamini. Sisi tunaoshona tunajua kiwango ni kitu cha kuoneshwa: upana wa pindo, idadi ya mishono, kitambaa hakikunjiki begani. Mtu anayekataa nguo bila kukuonesha kosa liko wapi hakuikagua. Na kazi ya kweli ya kushonea mtu, kitambaa analeta mwenye kazi. Bibi arusi analeta kitambaa chake na kianzio juu, mimi silipii kupewa kazi yake. Hata katika fiqhi ya ijara mambo yako wazi: ujira unatoka kwa aliyeajiri kwenda kwa aliyeajiriwa.

Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulivuma utapeli wa kutia barua kwenye bahasha. Unalipa ada, unatumiwa maelekezo, na maelekezo yenyewe yanasema: weka tangazo kama lile uliloliona wewe, na wenzako watakutumia ada. Yaani kazi ilikuwa kutapeli wengine. Atakayeona hapa asili ya “alika watu watano upande daraja” hajakosea.

Ilibaki njia ya kulipa. Stempu na hundi za posta zilikuwa polepole, na kwetu hazikuwa za kila mtu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Neema kubwa, mimi mwenyewe nusu ya biashara yangu inapita huko. Lakini pia ilimfungulia mlango mtu asiyejulikana kuchukua pesa ya mwanamke wa Makunduchi au Wete ndani ya dakika moja. Mwanzoni mwa 2022 Wakenya wengi walilia baada ya kuzimika programu iliyojiita Amazon Web Worker, ambayo haikuhusiana na kampuni ya Amazon. Watu walilipa ili wapewe kazi ndogondogo za simu. Mwanzoni mwa 2025 ikawa zamu ya Tanzania na LBL, ambapo watu walilipa kiingilio ili waangalie video na kulipwa, mpaka polisi wakaanza kukamata wahusika.

Aina inayotembea zaidi sasa ni ya “majukumu”. Unapenda video au unapa hoteli nyota, na siku ya kwanza unalipwa kweli, elfu tano, elfu kumi. Kisha linakuja jukumu kubwa, akaunti yako inaonesha hasi, na unaambiwa weka pesa ili uifungue pamoja na faida yako. Ukiweka, hasi inakua. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, haikupokea malalamiko ya aina hii mwaka 2020. Mwaka 2023 yalikuwa 5,000, na nusu ya kwanza tu ya 2024 yakafika kama 20,000.

Mteja wangu mmoja aliahirisha gauni la harusi yake mara mbili. Mara ya tatu akaniambia ukweli: pesa za gauni, pamoja na sehemu ya mahari yake, zilikuwa ndani ya “akaunti” ya namna hiyo, akisubiri ifunguke. Mahari ni mali yake, hakuna aliyekuwa na haki ya kumhoji, na ndiyo maana hakumwambia mtu. Alichokiogopa zaidi ni mumewe mtarajiwa kuuliza. Kila nikisoma habari za wale wajane wa zamani na stempu zao namkumbuka yeye.

Na huyo anayekuandikia “habari dada”? Mara nyingine yuko kwenye jengo lenye ukuta na walinzi huko Kusini-Mashariki mwa Asia. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na kama 100,000 Cambodia walishikiliwa na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Wakenya na Waganda wamo miongoni mwa waliookolewa huko. Wengi wao walikwenda kwa sababu waliona tangazo la kazi nzuri Thailand, ya kuhudumia wateja kwa simu au kompyuta, na tiketi ya ndege juu ya mwajiri.