VITA AMBAVYO BABA HAKUVISIMULIA

Historia ya Usharika huandikwa kwa kawaida kwa kuhesabu majengo, wachungaji na idadi ya waliobatizwa. Lakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo ipo historia nyingine iliyoishi ndani ya Kanisa kwa muda wa miaka 100 bila kuandikwa, nayo ni ya vita walivyopitia wazazi. Wengine walikuwa wapagazi, wengine askari, wengine mgambo. Walirudi nyumbani, wakalima, wakaoa, wakabatizwa, na baadhi yao wakawa Wazee wa Kanisa. Juu ya vita walinyamaza. Mara nyingi watoto wao walikuja kufahamu baada ya mazishi, sanduku la bati lilipofunguliwa na kukutwa humo medali au karatasi ya kuachishwa jeshi.

Baba ambaye hakuwa upande wowote

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita katikati ya nchi hii. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, kisha yakashuka kuelekea mashariki na kusini. Mwishoni mwa Juni mwaka huo yaliutwaa mji wa Biharamulo, wenye boma lililojengwa na Wajerumani, na mwezi Julai yakapigana huko Kato na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kikirudi nyuma kutoka Bukoba. Tarehe 19 Septemba Tabora ilianguka.

Kila jeshi lilihitaji watu wa kubeba. Risasi, vyakula na majeruhi vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Kijana aliyekamatwa kubeba mzigo wa Mjerumani mwaka 1915 aliweza kujikuta mwaka uliofuata akibeba mzigo wa Mbelgiji. Nchi za Bugufi na Ussuwi zilibaki chini ya Wabelgiji hadi Machi 1921, ndipo sehemu iliyopangwa kuwa ya Tanganyika ikakabidhiwa kwa Waingereza. Hivyo katika miaka isiyozidi sita mtu alitawaliwa na mataifa matatu, na Wahangaza wa Bugufi wakatengwa na ndugu zao wa Burundi kwa mpaka ambao hawakuulizwa.

Hapo ndipo kimya kilipoanzia. Kusema ulimtumikia nani hakukuwa salama, maana aliyekuwa bwana jana alikuwa adui leo. Isitoshe, mpagazi hakuwa na cha kuonyesha. Askari aliweza kujivuna kwa bunduki yake. Mpagazi alirudi na kovu la bega tu, kama alirudi.

Kanisa nalo lilijeruhiwa. Wamisionari wa Betheli, waliofika Bukoba mwaka 1910, waliondolewa katika kazi yao na vita hivyo, na Ukristo ukabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika. Waliosikia Neno katika miaka iliyofuata walikuwa watu waliotoka vitani. Waliimba na kusali, lakini mzigo ule hawakuutua mbele ya watu.

Keya

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Askari wa Afrika Mashariki, walioitwa Keya, walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma. Huko walipita bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, wakavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine hawakufika hata kwenye mapigano: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Mtoto anayetaka kumtafuta baba yake katika vita hivyo hukutana na mafumbo mawili. La kwanza ni medali yenyewe, kwa kuwa Waingereza hawakuchora jina la askari kwenye medali za vita hivyo. La pili ni jina. Aliyeandikishwa jeshini kwa jina la nyumbani, likaandikwa na karani asiyejua Kihangaza wala Kisubi, alibatizwa baadaye kwa jina jingine. Kitabu cha Ubatizo ndicho kinachoweza kuyaunganisha majina hayo mawili, kwa kuwa kinataja mzazi, kijiji na tarehe. Kitabu hicho kinapoliwa na mchwa ofisini, baba wa mtu hupotea mara ya pili.

Faida ya kuandika inaonekana katika mfano mmoja wa Dar es Salaam. Kleist Sykes, aliyekuwa askari wa Wajerumani katika vita vya kwanza, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Kutokana na maandishi hayo mjukuu wake, Daisy Sykes, aliandika historia yake iliyochapishwa mwaka 1973. Familia ile ilimpata babu kwa sababu alishika kalamu. Maelfu ya wengine hawakushika, wala hakuna aliyewaandikia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao baada ya vita vya kwanza.

Kimya hakifanani

Si kila kimya kina maana moja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wakapiga kambi Benako. Katika umati ule walikuwamo mama waliobeba watoto, na walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Wilaya hii ilijifunza kwamba mzazi anaweza kunyamaza kwa sababu aliumizwa, au kwa sababu aliumiza. Mtoto anayeuliza hana budi kuwa tayari kwa majibu yote mawili. Amri ya Nane inakataza uongo juu ya jirani, na kumpamba marehemu kwa ushujaa asiokuwa nao ni uongo kama vile kumsingizia.

Mashahidi walio hai

Wapagazi wa 1916 wamelala. Keya nao karibu wote wamelala. Lakini wako waliopigana Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 kwa uvamizi wa Idi Amin na kuwafikisha wanajeshi na mgambo wetu Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi ya wenzao wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Waliorudi walikuta nchi imeambiwa ifunge mkanda, wakashika jembe na chaki bila kusema neno. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amepita miaka 65. Baadhi yao huketi kanisani kila Jumapili.

Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe katika Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wajibu. Mawe peke yake hayasemi. Hungoja swali na mtu wa kulijibu. Basi na iwe kazi ya karne ya pili ya Usharika: vitabu vya ubatizo vitunzwe, wajukuu waulize kwa heshima, na mzee apewe nafasi ya kusema au ya kunyamaza kama atakavyo. Atakayesema na aandikiwe, jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo. Mungu awajalie wazee nguvu ya kusimulia, na watoto masikio ya kusikia.