Nahodha Kidd na Kisiwa cha Misali

Boti ziendazo Misali hutoka bandari ya Wesha, magharibi ya Chake Chake, kisiwani Pemba. Misali ni kisiwa kidogo cha msitu na fukwe wanazotagia kasa. Hakina mji, ila wavuvi hupiga dago huko. Wageni husimuliwa kwamba William Kidd, nahodha wa Kiskoti aliyenyongwa London tarehe 23 Mei 1701, alijificha hapo akafukia hazina. Wavuvi wana kisa chao cha Nabii Hidhri, nacho ni cha imani. Habari ya Kidd inapimika, kwa kuwa kesi yake iliacha maandishi mengi.

Meli yake, Adventure Galley, yenye mizinga 34, ilifika Madagascar mwanzoni mwa 1697, kisha Anzuani na Mwali mwezi Machi. Huko Mwali ililazwa ubavu ufukweni, ikakwanguliwa tumbo. Maradhi yakaua mabaharia wapatao 50 kwa juma moja. Hayo aliyaeleza Kidd mwenyewe mwaka 1699, akaongeza kwamba mwishoni mwa Aprili aling'oa nanga kwenda India. Bahari ya Shamu hakuitaja kabisa. Alificha, maana tabibu wake Robert Bradinham alishuhudia mahakamani kuwa walikwenda kuvizia meli za mahujaji, na shajara ya Edward Barlow wa meli ya Sceptre inaonyesha alivyomfukuza huko mwezi Agosti. Kwa hiyo kimya cha Kidd peke yake si hoja. Lakini Bradinham na Barlow, ambao hawakuwa na sababu ya kumsitiri, nao hawaitaji Pemba.

Inabaki miezi mitatu hivi baada ya Mwali, ambapo meli inayosukumwa na kusi ingeweza kupita karibu na Pemba. Kupita kunawezekana. Hazina ndiyo haiingii akilini: wakati huo Kidd hakuwa na mali ya kufukia. Ngawira yake kubwa, meli ya Quedagh Merchant, aliiteka pwani ya India Januari 1698. Kutoka hapo alishukia Sainte-Marie, Madagascar, akaiacha Adventure Galley iliyokuwa ikivuja, akavuka na ile aliyoiteka hadi visiwa vya Karibi. Mali ambayo kuna ushahidi kwamba aliifukia ilikuwa katika kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, Juni 1699. Mwezi uliofuata serikali ikaifukua na kuiandika kipande kwa kipande.