Alama Juu ya Mlango



Noeli inapokaribia, kwetu tunafagia uwanja na kufunga matawi ya michikichi mlangoni, ili kila apitaye ajue kwamba nyumba hii ina sikukuu. Katika nchi za Ulaya zenye baridi kali, Desemba ni mwezi ambamo miti mingi haina jani hata moja, na saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia. Watu wa huko hutafuta matawi ya msunobari, mti usiopukutisha majani, wakayasuka kuwa taji na kuyatundika mlangoni. Katikati ya baridi, mlango wa kijani huwakumbusha kwamba uzima haujakoma.

Lakini leo tutazame alama nyingine, iliyo ndogo zaidi. Baada ya Epifania, sikukuu ya tarehe 6 Januari, utaona juu ya milango mingi ya Ujerumani na Austria maandishi ya chaki. Mwaka 2025 yaliandikwa hivi: 20*C+M+B+25. Tarakimu ni za mwaka. Nyota ni ile iliyowaongoza Mamajusi, na misalaba mitatu ni ya Utatu Mtakatifu. Wengi husoma katika herufi hizo majina ya Kaspari, Melkiori na Baltazari. Lakini ni pia mwanzo wa maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya kwamba Kristu aibariki nyumba hii.

Injili ya Matayo haitaji majina ya Mamajusi wala idadi yao. Mapokeo ndiyo yaliyowahesabu watatu, kwa sababu ya zawadi tatu. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald wa Dassel alileta kutoka Milano hadi Köln masalia yaliyoheshimiwa kuwa yao, na mahujaji wakaanza kumiminika katika mji huo. Tangu karne ya 16 tunasikia habari za waimbaji wa nyota: wanafunzi, askari na mafundi waliokosa kazi wakati wa baridi, waliovaa kama wafalme, wakabeba nyota ya kutengenezwa na kuimba mlango kwa mlango ili wapate chakula au sarafu. Baadaye wakuu wa sehemu kadhaa waliona kwamba huko ni kuombaomba tu, wakakataza.

Desturi hiyo ingaliweza kufa. Iliyoiokoa ni mikono ya watoto. Katika majira ya baridi ya 1954 na 1955, chama cha watoto wakatoliki wa Austria kiliwatuma waimbaji wa nyota kukusanya fedha, si kwa ajili ya matumbo yao, bali kununua pikipiki kwa ajili ya misioni ya Uganda, nchi jirani yetu. Tukumbuke kwamba Austria wakati ule ilikuwa imetoka katika vita, na majeshi ya mataifa manne yaliyoshinda yalikuwa bado katika ardhi yake. Watoto wale hawakungoja kutajirika kwanza ndipo watoe. Mwaka 1959 watoto wa Ujerumani nao walianza, na tangu mwaka huo wamekwisha kukusanya zaidi ya euro bilioni 1 kwa ajili ya watoto wa mabara mbalimbali, Afrika ikiwemo.

Hapo ndipo tunaona tofauti. Taji la matawi mwenye nyumba hulitundika mwenyewe, hata kama hafungulii mtu. Alama ya chaki, kwa kawaida, huandikwa na mgeni: waimbaji wamebisha, wamefunguliwa, wameimba, wamepewa kitu, ndipo wanaandika. Waisraeli kule Misri waliweka alama ya damu kwenye miimo ya milango ili mwangamizi apite mbali. Alama hii ya chaki yashuhudia jambo lingine: hapa mtu alibisha, akapokelewa. Nayo inakaa mwaka mzima ikimkumbusha mwenye nyumba, maana atakayebisha mwezi wa Juni anastahili mapokeo yaleyale. Kule Betlehemu, Maria na Yosefu hawakupata nafasi nyumbani mwa wageni.

Basi, tusidhani kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. Katika mitaa yetu wapo watu waliokimbia vijiji vyao, wajane, na wazee wasiotembelewa. Kipande cha chaki ni cha bei ndogo, wimbo hauna bei, na kikundi cha vijana kumi chaweza kufikia milango mingi kwa siku moja. Tupambe milango yetu, naam. Lakini tuipambe kama watu wanaongoja mgeni kweli.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Ni nani aliyebisha kwetu mwaka huu, nasi tulimpokea namna gani?
2. Katika mtaa wetu, ni mlango gani ambao hakuna anayeufikia wakati wa Noeli?
3. Kikundi chetu chaweza kukusanya nini Epifania ijayo, na kwa ajili ya nani?