Chama Cha Uzalendo kilivyopanda na kushuka Machakos

Katika uchaguzi wa Desemba 2007, Ukambani ilikuwa ngome ya Kalonzo Musyoka na chama chake cha ODM-Kenya. Hata hivyo, wapiga kura wa Kathiani, eneobunge ambalo siku hizo lilijumuisha Athi River, walimtuma bungeni Wavinya Ndeti kwa tiketi ya Chama Cha Uzalendo, CCU. Serikali ya mseto ilipoundwa mwaka 2008, mbunge huyo wa chama kidogo aliteuliwa waziri msaidizi wa Vijana na Michezo.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wake. Athi River ni mji wa viwanda vya saruji, kiwanda cha nyama cha KMC na eneo la EPZ, na wafanyakazi wake wametoka kila pembe ya Kenya. CCU hakikuegemea kushoto wala kulia. Kilichokibeba ni maendeleo na jina la mgombea wake, naye mpiga kura akapata njia ya kuchagua nje ya wimbi la chama kikuu cha eneo lake.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na macho yote yakahamia kwenye ugavana. Mwaka 2013, Ndeti aligombea kiti hicho katika kaunti ya Machakos, iliko Kathiani, kwa CCU, chama kilichokuwa ndani ya muungano wa CORD pamoja na Wiper, chama cha Kalonzo. Alishindwa na Alfred Mutua wa Wiper.

Kisha mambo yakageuka. Mutua aliachana na Wiper, akazindua Maendeleo Chap Chap mwaka 2016. Ndeti naye akahamia Wiper. Hapo ndipo udhaifu wa CCU ulipoonekana wazi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili, na anayejiondoa lazima aandike barua. Juni 2017, kamati ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya kutatua mizozo ilimzuia Ndeti kugombea, ikisema hakuwa amejitoa CCU ipasavyo. Mahakama Kuu ikamrudisha kinyang'anyironi. Chama kilichomfikisha bungeni sasa kilikuwa karibu kimfungie njia ya ugavana.

Mutua alimshinda mwaka huo, na kesi yao ikaisha katika Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2018, ushindi wa Mutua ukidumishwa. Mwaka 2022, CCU kilipata mgombea mwingine mwenye jina, Nzioka Waita, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu. Aliyemshinda ni Wavinya Ndeti, safari hii kwa tiketi ya Wiper, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Machakos.

Maendeleo Chap Chap nacho kilisimama kwa jina la Mutua. Alipomaliza mihula miwili, hakikuweza kukirithi kiti cha gavana. Tayari mwezi Mei 2022 alikuwa amekitoa katika muungano wa Azimio na kukiingiza katika ule wa Kenya Kwanza.

Historia hii isitufanye tudharau vyama vidogo. Bila CCU, Kathiani ya 2007 isingekuwa na mlango wa pili. Kosa ni kukipa chama kiongozi kabla ya kukipa matawi, wanachama wanaolipa ada na uchaguzi wa ndani. Kabla ya 2027, mfanyakazi wa EPZ anayeombwa kura na chama kipya ana haki ya kuuliza ofisi yake ya Athi River iko wapi, na nani atakiongoza kiongozi wake akihama.